Jina Nililolitumia Darasani

Jumatatu, 9 Oktoba

Muhula umefunguliwa leo. Daftari hili nimelinunua Bariadi kwa ushauri wa mke wangu, Monika. Anasema nimeanza kumweleza jambo moja mara mbili mbili, na kwamba daftari lina subira kuliko yeye.

Basi nianze kwa kueleza. Chuo cha Mtakatifu Ambrosi kipo Mwalukonge, mwendo wa saa moja kwa bodaboda kutoka Bariadi, katikati ya mashamba ya pamba. Ni chuo kidogo cha Kanisa. Mwaka huu tuna wanafunzi mia moja na kumi na wanane. Hatufundishi uhasibu wala uuguzi. Kwa miaka mitatu mwanafunzi anasoma falsafa, historia, lugha, hesabu na Maandiko, vyote kwa pamoja. Kijana wa bodaboda aliyenirudisha leo aliniuliza, "Sasa Mzee, mtu akimaliza pale anakuwa nani?" Nikamwambia anakuwa mtu anayejua kufikiri. Tulipovuka daraja akasema, "Na wa hivyo wanaajiriwa wapi?"

Mimi nafundisha mantiki, yaani elimu ya kupima kama jambo moja kweli linafuata kutoka jingine. Nina miaka sabini na moja. Nimefundisha kwa zaidi ya arobaini.

Alhamisi, 12 Oktoba

Joto. Wingu hakuna. Nimesahihisha insha nane.

Jumanne, 17 Oktoba

Betri nne za sola za maktaba zimeibwa. Kufuli limekatwa vizuri kabisa, kama kazi ya fundi. Zimebaki mbili, na hizo zinawasha taa tatu tu.

Darasani leo nilikuta wanafunzi wa mwaka wa pili wananong'ona habari hiyo hiyo, hakuna anayenisikiliza. Mwalimu mzoefu hashindani na habari ya moto, anaipanda mgongoni. Nikaandika ubaoni:

Kija alionekana karibu na maktaba.
Betri za maktaba zimeibwa.
Kwa hiyo Kija ameiba betri.

Darasa likalipuka kwa kicheko. Kija, mtoto wa mzee Maige kutoka Kimali huko Meatu, anakaa dawati la mbele kwa sababu ya macho yake mabovu, na mimi hutumia majina ya waliokaa mbele. Alivua miwani akaifuta, naye anacheka. Nikauliza, "Je, hitimisho linafuata?" Wote kwa sauti moja: "Halifuati!" Nikawaeleza kwa nini. Padri huonekana karibu na maktaba, mbuzi wa Sista Scola pia. Wakacheka tena. Nadhani ni somo zuri kuliko yote niliyofundisha mwaka huu. Nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi.

Jumamosi, 21 Oktoba

Vumbi. Watu wamemaliza kusafisha mashamba, wanasubiri mvua.

Jumatatu, 30 Oktoba

Zile betri mbili nazo zimekwenda. Maktaba sasa inafungwa jua likizama, na mitihani ni mwezi ujao. Mlinzi hakuona kitu. Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Mezani wanafunzi wanatazamana kwa namna ambayo siipendi.

Alhamisi, 2 Novemba

Walinzi wa jadi wa kijiji, sungusungu, wamekuja kwa Mkuu wetu, Padri Deogratias. Wanasema wizi ukiachwa chuoni utahamia kijijini. Wametaka ipigwe kura.

Kwa asiye wa huku nieleze. Wizi ukizidi na mwizi hajulikani, kila mtu mzima hupewa kipande cha karatasi aandike kwa siri jina la anayemshuku. Anayepata kura nyingi hapigwi. Anatengwa. Hasalimiwi, haombwi wala hapewi kitu, hasaidiwi shambani, na anayemsalimia naye anatengwa. Mtu wa mjini atasema hiyo ni adhabu nyepesi. Mimi nimezaliwa huku. Nimewahi kuona mtu mwenye ng'ombe themanini akihama usiku na familia yake kwa sababu watu waliacha kumwambia "mwangaluka" asubuhi.

Kikao cha walimu kilikuwa kirefu. Padri hakutaka kura, ila pia hakutaka kugombana na kijiji kilichotupa ardhi. Mwishoni akanigeukia. "Mwalimu Joakim, wewe ndiye mkubwa wetu. Unasemaje?"

Ningeweza kusema hapana. Nilisema kwamba ikibidi kufanyika, ifanyike kwa akili: kila mmoja aandike jina na, chini yake, sababu. Sababu zitatuonyesha kura ipi ina uzito na ipi ni chuki tu. Wote walifurahi. Padri alinishika mkono. Karatasi nimezichora mimi mwenyewe.

Jumatatu, 6 Novemba

Kura imepigwa bwaloni baada ya chai ya saa nne. Tulihesabu watatu: Sista Scola, ambaye ni mlezi wa wanafunzi, Danford, ambaye ni rais wao, na mimi.

Karatasi tupu ishirini na tisa. Majina mengine kumi na moja, kura moja moja au mbili mbili. Kija, sitini na tatu.

Sista alikuwa anasoma, Danford anaandika. "Kija. Sababu: alionekana karibu na maktaba." "Kija. Alionekana karibu na maktaba." "Kija. Alionekana maktaba jioni." Kwenye ya nne au ya tano niliacha kuhesabu.

Nikauliza, "Alionekana na nani?"

"Na wengi, Mwalimu," Danford akasema bila kuinua kichwa. "Si unaona sababu zinafanana? Wewe mwenyewe ulitufundisha: mashahidi wengi wakisema neno moja bila kukaa pamoja, uwezekano wa kukosea unapungua."

Nilifundisha hivyo. Sista akanitazama. "Mwalimu, uko sawa?"

Nikasema ni njaa.

Matokeo yamebandikwa ubaoni. Sungusungu wamechukua nakala, na wamesema wataandika barua kwa wenzao wa Kimali, maana mtu akitengwa huku hutengwa na kwao. Padri ametangaza kwamba baraza la chuo litakaa tarehe 24 kuamua kama Kija atafukuzwa. Kija alikuwa amesimama nyuma ya bwalo. Watu wakapita kushoto na kulia kwake kama maji yanavyopita jiwe, na hakuna aliyemgusa.

Jumanne, 7 Novemba

Nimekuwa nikijihoji tangu alfajiri. Inawezekana kuna aliyemwona kweli. Sentensi yangu niliibuni, lakini jambo la kubuni linaweza likawa pia limetokea. Bila kuchunguza siwezi kusema kwamba kura zile zimetoka ubaoni kwangu. Haifuati. Kwa hiyo nitachunguza kwanza.

Nimemweleza Monika. Alikuwa anachambua maharage. Akasema, "Unachunguza nini, mume wangu? Ulilala hapa ukijua uliandika nini." Nikamweleza tofauti kati ya kushuku na kujua. Akaendelea na maharage.

Jumatano, 8 Novemba

Kija amekula peke yake. Meza ya watu wanane.

Alhamisi, 9 Novemba

Kija amekula peke yake. Wingu upande wa Lamadi, halikufika.

Ijumaa, 10 Novemba

Darasani dawati la mbele lina mtu mmoja. Nilipouliza swali aliinua mkono. Wengine hamsini walinitazama kuona kama nitamwita. Nilimwita Precious, mstari wa tatu. Alijibu vibaya. Kija alishusha mkono polepole, akaandika jibu kwenye daftari lake. Nililiona nilipopita. Lilikuwa sahihi.

Jumapili, 12 Novemba

Mvua imenyesha! Wakati wa Misa, mabati yakapiga kelele hata Padri akakatiza mahubiri, na akina mama wa kijiji wakapiga vigelegele kanisani. Udongo umelowa hadi shibiri moja. Kesho kila mwenye ng'ombe atakuwa shambani.

Wakati wa kupeana amani Kija alibaki na mikono yake miwili mbele, imefunguka kidogo. Nilikuwa benchi la tatu nyuma yake. Ningefika kwa hatua nne.

Jumatano, 15 Novemba

Nimeuliza wanafunzi saba, mmoja mmoja, kwa kisingizio cha insha. Swali moja tu: ulimwona wewe mwenyewe? Sita walisema walisikia. Wa saba alikuwa Precious.

"Sikumwona mimi, Mwalimu. Nilisikia."

"Ulisikia wapi?"

"Darasani."

"Darasa gani?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina lake mwenyewe. "Mwalimu, si lako?"

"Lakini mlijibu wote kwamba halifuati. Mlielewa."

"Tulielewa la mtihani," akasema. "Ila tulijua pia unatuambia kitu. Mzee hataji jina la mtu bure. Bibi yangu akitaka kutuonya kuhusu jirani anaanza hadithi, anamtia jirani ndani ya hadithi, halafu anacheka. Sisi tunaelewa. Ulipocheka tulielewa."

Nimekaa na maneno hayo tangu mchana. Ni kweli, na nilipaswa kuyajua kabla yake. Baba yangu alimfahamisha mwizi wa mbuzi zetu kwa kumweleza, mbele ya watu, habari ya mtu wa nchi ya mbali aliyependa mbuzi. Mwizi aliondoka kijijini wiki ile ile. Huku kwetu mkubwa haelekezi kidole. Anatoa mfano. Nimesoma seminari, nimesoma Dar es Salaam, nimefundisha miaka yote hii mifano ya watu wa Ugiriki, nikasahau mfano ni kitu gani mdomoni mwa mzee wa Kisukuma.

Hakuna aliyemwona Kija. Wamemwona kwenye ubao wangu.

Ijumaa, 17 Novemba

Nimemwambia Padri kila kitu. Alitembea dirishani, akarudi. "Subiri baraza, Mwalimu. Tarehe 24 utalieleza baraza kwa utulivu. Ukisema sasa mbele ya wanafunzi, kura yote itaonekana mchezo, na kijiji kitasema tunawadharau."

"Ni mchezo, Padri. Mimi niliutengeneza."

"Wiki moja tu."

Nilikubali. Naandika neno hilo nililione vizuri: nilikubali.

Jumatatu, 20 Novemba

Kija ameondoka.

Alipita nyumbani saa kumi na mbili asubuhi nikiwa nimekwenda kutazama shamba letu. Alimwachia Monika vitabu vyangu vitatu, vimefungwa kwa nailoni kwa sababu ya mvua. Monika alimlazimisha kunywa uji. Nikamuuliza alisema nini.

"Amesema shikamoo mama, ahsante mama. Halafu amesema baba yake amempigia simu." Monika alikaa chini kabla ya kuendelea. "Barua ya sungusungu imefika Kimali tangu Jumatatu iliyopita. Yule mzee Maige nyonga yake mbovu, ng'ombe wake wa kulimia alikufa mwaka jana, analimiwa na majirani. Mwaka huu hakuna aliyekuja. Mvua ina siku nane, Joakim. Mashamba ya wengine yote yamepandwa, lake bado ni majani. Mtoto anakwenda kulima ekari tano za pamba kwa jembe la mkono."

Mtu asiyelima pamba hawezi kuona kwa nini Monika alikaa chini. Mbegu inatakiwa iwe ardhini kabla ya katikati ya Desemba. Baada ya hapo mmea huota, hurefuka, hupendeza macho, na hauzai kitu. Nyumba ile haina kitu kingine cha kununulia chakula mwaka kesho ila pamba hiyo.

"Na ameniuliza," Monika akasema, "kama Mwalimu bado anachunguza."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwongezea uji."

Jumanne, 21 Novemba

Sikungoja baraza. Asubuhi wakati wa matangazo nilisimama mbele ya chuo kizima nikasema: sentensi ile niliibuni, sikumwona Kija wala sijamsikia mtu aliyemwona, na kura sitini na tatu ni mwangwi wa mdomo wangu.

Danford akasimama. Ni kijana mwenye adabu, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mwalimu, tunakuheshimu. Lakini ulimtaja tarehe 17, kabla mtu yeyote hajamtaja. Kati ya watu hamsini ukamchagua yeye. Kwa nini yeye?"

"Kwa sababu anakaa mbele."

Walicheka. Si kwa ubaya, walicheka kama watu wanaomwelewa mzee anayemhurumia mtoto wa watu. Nyuma mtu akasema, "Mzee ameogopa kurogwa na watu wa Kimali." Wakacheka zaidi.

Nilieleza tena. Nilieleza kwa dakika arobaini: tofauti ya mfano na taarifa, chanzo kimoja kinavyojifanya vyanzo vingi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona nyuso zao zikitulia katika imani kwamba nina kitu ninachokificha. Mtu asiye na la kuficha, walifikiri, hasemi maneno mengi hivyo.

Padri hakunikemea. Alinipita mlangoni akasema, "Basi."

Jumatano, 22 Novemba

Walikuja kumi na wawili darasani. Mvua kubwa.

Ijumaa, 24 Novemba

Baraza limekaa. Nimeandika ushahidi wangu ukurasa mmoja, nikatia sahihi. Wameamua Kija asifukuzwe na jina lake liondolewe ubaoni. Sista Scola alikwenda kulibandua mwenyewe, akakwangua hadi gundi kwa kucha.

Nilimuuliza Padri kama ataandika barua Kimali. Akasema ataandika. Nikamuuliza lini. Akasema, "Barua kule itasomwa na watu wale wale walioipokea ya kwanza, Mwalimu. Unajua kinachotakiwa."

Nilijua. Monika alikuwa ameshafunga mkoba.

Jumamosi, 25 Novemba. Mwanhuzi

Basi kutoka Bariadi lilikwama mara mbili kwenye tope baada ya Maswa. Nimelala nyumba ya wageni. Miguu imevimba. Nimeandika maelezo yangu ya kesho kwa Kisukuma, kurasa nne. Nimeyasoma. Ni mazuri.

Jumapili, 26 Novemba. Kimali

Nataka kuandika haya yote kama yalivyokuwa.

Nilifika nyumbani kwa Maige saa mbili asubuhi. Ni mtu mwembamba, amekaa kwenye kigoda, mguu mmoja umenyooka. Alijibu salamu yangu kwa mshangao, akatazama barabarani kuona kama kuna aliyenisikia nikimsalimia. Kija alikuwa shambani. Tangu Jumanne amelima kama robo ekari. Alikuja mbio aliponiona, kisha katikati ya njia akaacha kukimbia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kija."

Viganja vyake vilikuwa vimefungwa vitambaa.

Sungusungu walikutana saa nne uwanjani karibu na ghala la pamba, wanaume kama sitini, wanawake pembeni. Mkubwa wao ni mzee Shida, wa rika langu, mwenye kofia ya sufu na macho yasiyo na haraka. Nilieleza mimi ni nani. Nikatoa kurasa zangu nne.

"Mwalimu," mzee Shida akasema, "tuambie kwa kifupi. Mvua hii haitusubiri."

"Katika elimu ya mantiki," nikaanza, "mwalimu hutumia mfano..."

"Mfano ni nini?"

"Ni jambo lisilotokea, linalosemwa ili watu wajifunze."

"Ukalisema kwa jina la mtu?"

"Ndiyo, lakini..."

"Jina la mtu aliye hai? Mwenye baba?"

"Ndiyo."

Akageuka kwa wenzake. "Kwetu jambo lisilotokea, likasemwa kwa jina la mtu mwenye baba, linaitwaje?"

Watu kadhaa wakasema pamoja: "Uongo."

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa ukurasa wa pili. Uongo unahitaji nia ya kudanganya, na mimi nia yangu ilikuwa kinyume kabisa. Ni jibu zuri, halina kasoro. Nikatazama nikaona Maige amesimama kwa fimbo nje ya duara, mahali anaposimama mtu aliyetengwa, amenyoosha shingo ili asikie. Nikakunja karatasi zangu nikazitia mfukoni.

"Ndiyo," nikasema. "Ni uongo."

"Aliyeusema nani?"

"Mimi."

"Sema kwa nguvu. Maige masikio yake mazito."

"Mimi, Joakim wa Nyanda, nilisema uongo juu ya mtoto wa Maige. Watu wakaniamini kwa sababu ya mvi zangu."

Mwanamke mmoja pembeni akasema, "Yoo!" Mzee Shida akakuna kidevu.

"Basi hakuiba," akasema.

Halikuwa swali, ila alisubiri. Wote walisubiri. Na mimi nilijua jibu sahihi. Nimelifundisha kwa zaidi ya miaka arobaini: ushahidi wa uongo ukiondolewa hatubaki na kinyume chake, tunabaki hatujui. Jibu sahihi ni "sijui". Nilijua pia kwamba nikilisema neno hilo mkutano utafungwa, watu watarudi kwenye mashamba yao, na ng'ombe hatatokea kwa Maige. Sikumbuki kama nilifikiri kwa muda mrefu. Kija alikuwa nyuma ya baba yake, miwani ameishika mkononi, kwa hiyo hakuwa akiniona vizuri.

"Hakuiba," nikasema.

Walinzi wakajitenga, wakanong'ona, wakarudi. Mzee Shida alisema kutengwa kwa Maige na nyumba yake kumekwisha tangu dakika ile, na kwamba jozi mbili za ng'ombe zitakwenda kwake kesho.

"Na wewe, Mwalimu. Aliyesema uongo hawezi kurudi nyumbani na mikono mikavu. Utaongoza ng'ombe siku tatu shambani kwa Maige."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mimi nilielewa kwa nini. Anayeshika plau ni mwanaume. Anayetembea mbele akivuta kamba ya ng'ombe ni mtoto wa miaka tisa au kumi.

"Nitaweza," nikasema.

"Guku ataweza!" mtu akapiga kelele, akiniita babu. "Mpeni na kaptula!"

Jumatatu, 27 Novemba. Kimali

Siwezi kushika kalamu vizuri. Tope hufika kwenye mashavu ya miguu. Ng'ombe wa kushoto ni mkaidi, ananisukuma kwa pua kila nikipunguza mwendo. Watoto wa jirani wamekaa kwenye tuta wakinifundisha: "Guku, vuta juu! Juu, si pembeni!" Jirani aliyeleta jozi ya pili anaitwa Kwandu. Hakumtazama Maige usoni alipofika, alikwenda moja kwa moja kufunga nira, na baadaye aliomba maji ya kunywa. Maige alimpelekea mwenyewe, kwa fimbo, kibuyu kikitikisika.

Jumanne, 28 Novemba. Kimali

Ekari mbili na nusu zimelimwa, mbegu zinafuata nyuma.

Leo tulikuwa wawili jozi moja, mimi mbele na Kija nyuma kwenye plau, na kwa muda mrefu nilisikia tu pumzi yake na udongo ukipinduka. Halafu akasema, bila kusimama:

"Mwalimu, juzi mkutanoni. Ulijuaje kwamba sikuiba?"

Nikasema kweli. "Sikujua."

"Lakini ulisema."

"Nilisema."

Tukafika mwisho wa mstari, tukageuza ng'ombe, tukarudi hadi katikati.

"Mimi nilisubiri uniulize," akasema. "Tangu siku ya kura. Sista hakuniuliza. Padri hakuniuliza. Danford ni rafiki yangu wa bweni moja, hakuniuliza. Nikasema, Mwalimu Joakim ataniuliza, yeye anauliza kila kitu. Ukauliza watu saba. Nilikuona ukiwaita. Kwa nini hukuniuliza mimi?"

Nilimweleza. Nilimweleza huku natembea, mgongo kwake, maana ni jambo lenye sababu. Mtu akituhumiwa na akaulizwa, mwizi atasema hapana, na asiye mwizi atasema hapana. Jibu ni moja kwa wote wawili, kwa hiyo haliwezi kumtofautisha huyu na yule, kwa hiyo kuuliza hakuongezi...

Ng'ombe walisimama. Alikuwa amewazuia kwa mluzi. Niligeuka. Alikuwa ameachia mikono ya plau, amesimama wima, tope hadi magotini, miwani ina matone.

"Mwalimu," akasema. "Niulize."

Nilitaka kusema kwamba haina haja tena. Nilitazama uso wake nikaona ina haja.

"Kija," nikasema, "uliiba betri za maktaba?"

"Sikuiba."

Alilisema taratibu, kama mtu anayetua mzigo na kuangalia kwanza pa kuuweka.

"Nimesikia," nikasema.

Alivua miwani, akaitazama, hakupata nguo kavu ya kuifutia, akaivaa hivyo hivyo. Akashika plau. Wingu jingine lilikuwa linakuja kutoka magharibi na tulikuwa na mistari kumi na minne bado. Nikavuta kamba juu, si pembeni, na ng'ombe wakanifuata.